Nyumba Tupu Haipiki: Kasoro ya Kuiga Mwanga na Joto Bila Mtu

Tuanze na jiko lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na dari iliyo mita 2.7 kutoka sakafuni. Taa ni moja, imebandikwa katikati ya dari, inamwaga nuru yake yote kuelekea chini, ikipungua kadiri mwelekeo unavyokwenda kando kama ilivyo kwa taa bapa, na inatoa lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Meza ya kukatia mboga imeegemezwa kwenye ukuta mrefu na kimo chake ni sentimita 90. Ukikokotoa kwa kanuni mbili ambazo kila aliyesoma fizikia amezipitia, ile ya mwanga kufifia kwa mraba wa umbali na ile ya mwanga kupungua kadiri unavyoangukia uso kwa mshazari, utaona kwamba mahali palipo chini ya taa kabisa, kwa kimo kile kile cha meza, panapokea luksi 79 hivi za moja kwa moja (luksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba), ilhali katikati ya meza yenyewe, iliyo mita 1.2 kando ya taa, zinafika luksi 38. Programu ya uigaji, yaani ya kompyuta inayoigiza mwanga wa chumba, itafanya hesabu hiyo kwa kila nukta ya chumba, itaongeza mwanga unaodunda kutoka kwenye kuta, kisha itakuletea picha ya rangi na namba moja ya wastani wa kuweka kwenye ripoti.

Sasa msimamishe mbele ya meza hiyo mtu wa kimo cha mita 1.65, kisu mkononi. Mwonzi unaotoka kwenye taa kwenda katikati ya meza unapita mahali aliposimama ukiwa mita 1.57 hivi kutoka sakafuni, yaani unamgonga kichwani. Zile luksi 38 za moja kwa moja zimekatika, na kinachobaki juu ya ubao wa kukatia ni mwanga uliodunda ukutani na darini, ambao nao mabega yake yameuziba kwa sehemu. Hakuna aliyegusa swichi, wala mchoro haukubadilika hata kwa mstari mmoja. Jiko limeanza kutumika, basi.

Nimeanza na hesabu hii ndogo kwa sababu ndani yake mna kasoro ninayotaka kuijadili. Uigaji wa kompyuta wa mwanga na joto majumbani umefikia kiwango cha juu sana katika mambo yanayohusu kuta, vioo, jua na hewa, lakini bado unaigiza nyumba ambayo hamna mtu, au ambayo mtu wake ni chanzo cha wati mia moja kilichotundikwa hewani pasipo kimo, mgongo wala mikono. Kwa ghala upungufu huo unavumilika. Nyumbani hauvumiliki, kwa kuwa nyumba ni mahali pa kazi nyingi ndogondogo, kila moja ikiwa na mahali pake, saa yake na mahitaji yake: kukata mboga, kupiga pasi, kusoma, kumwogesha mtoto, kulala.

Lazima kwanza tuwape haki yao waliotangulia. Kwa upande wa mwanga, hesabu zenyewe hazina mgogoro mkubwa tena. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walichukua mbinu ambayo wahandisi wa joto walikuwa wakiitumia kukokotoa mionzi kati ya nyuso na nyuso, wakaitumia kwa mwanga. Mwaka 1986 mtafiti James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja unaobeba safari yote ya nuru ndani ya mandhari. Katikati ya muongo huo huo Greg Ward, katika maabara ya Lawrence Berkeley, alianza kuunda Radiance, programu inayofuata mionzi kwa kurudi nyuma, kutoka kwenye jicho au nukta ya kipimo hadi kwenye chanzo, na ambayo hadi leo ndiyo injini iliyofichwa ndani ya zana nyingi za wasanifu majengo. Ukiipa umbo sahihi la chumba, uakisi sahihi wa nyuso na anga sahihi, itakupa jibu lililo karibu sana na kipimo halisi. Shida iko katika kile tunachoipa na kile tunachoiuliza.

Chukua uakisi wa nyuso. Katika chumba kilichofungwa ambacho nyuso zake zote huakisi asilimia 80 ya mwanga, nuru inayotokana na kudundadunda hufikia, kwa wastani, mara 4 ya ile iliyopokelewa moja kwa moja; uakisi ukishuka hadi asilimia 50, hizo mbili hulingana. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya kubadilisha taa yenyewe. Walakini mchoro unaoingizwa kwenye programu kwa kawaida ni wa chumba kipya: kuta zimepakwa rangi jana, hakuna kabati, hakuna nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, hakuna moshi wa mafuta juu ya jiko, hakuna rafu ya vyombo inayomeza mwanga. Nimekwisha kuona ripoti iliyokadiria uakisi wa asilimia 70 kwa ukuta ambao, siku niliposimama mbele yake, zaidi ya nusu yake ilikuwa imefunikwa na makabati ya rangi ya kahawia iliyokoza. Aliyeandika ripoti hakudanganya. Aliiga nyumba ambayo haijahamiwa.

Kisha kuna swali lenyewe. Kwa miaka mingi mwanga wa mchana ulipimwa kwa uwiano mmoja tu, wa mwangaza wa ndani na ule wa nje chini ya anga iliyofunikwa na mawingu kote, ambalo utosi wake huchukuliwa kuwa na nuru mara 3 ya ukingo wake. Uwiano huo haujui dirisha linatazama mashariki au magharibi, haujui saa, na haujui jua. Wataalamu waliona upungufu huo wakahamia kwenye hesabu zinazopitia saa zote za mwaka kwa kutumia takwimu za hali ya hewa. Mwaka 2005 Azza Nabil na John Mardaljevic walipendekeza kuhesabu saa ambazo mwangaza uko kati ya luksi 100 na 2,000, kwa hoja kwamba chini ya hapo hautoshi na juu ya hapo huja na mng'ao unaoumiza macho au joto lisilotakiwa. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, maana kipimo hicho cha mwanga wa mchana kilikiri kwamba mwanga uliozidi nao ni kasoro.

Lakini tazama kiwango cha Ulaya cha EN 17037, kilichotolewa mwaka 2018. Kiwango chake cha chini kabisa kinataka, miongoni mwa mengine, luksi 300 katika nusu ya eneo la chumba kwa nusu ya saa za mchana. Ni nusu ipi? Kwa kawaida ni ile iliyo karibu na dirisha, nayo huenda ndiyo mahali pa kupita tu, huku meza ya kusomea au sinki ikiwa upande wa pili. Chumba kinaweza kufaulu mtihani na kila kazi inayofanywa ndani yake ikafeli. Na hata nukta za kipimo zenyewe hupangwa kwenye bapa la mlalo lililo kimo kimoja chumba kizima, kana kwamba maisha yote yanafanyika juu ya meza moja kubwa isiyo na mwisho. Mtu anayejitazama kwenye kioo anahitaji mwanga unaofika usoni kwa wima. Anayefua kwa kuinama anahitaji mwanga karibu na sakafu. Anayetafuta nguo ndani ya kabati anahitaji mwanga unaoingia kwa mshazari mahali ambapo bapa hilo halifiki kabisa.

Macho nayo hayalingani. Retina ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni husinyaa na lenzi huwa ya manjano. Nyumba, tofauti na ofisi, huwakusanya wote wawili chini ya taa ileile. Zaidi ya hayo, tangu ilipogunduliwa mwanzoni mwa karne hii kwamba zipo seli za retina zinazopima mwanga kwa ajili ya saa ya mwili pasipo kuhusika sana na kuona, swali limeongezeka uzito: mapendekezo ya wanasayansi yaliyochapishwa mwaka 2022 yanataka kipimo maalumu cha mwanga wa aina hiyo kisipungue luksi 250 mchana, kisizidi 10 katika kipindi cha saa 3 kabla ya kulala, na kisizidi 1 wakati wa usingizi. Vipimo hivyo huchukuliwa kwenye usawa wa jicho, kwa wima. Hapo huwezi tena kukwepa kumwuliza mtu alipo na anapotazama, kwa sababu taa inayomfaa mwenye kupiga pasi saa 3 usiku ndiyo hiyo hiyo inayomnyima usingizi aliyekaa naye chumba kimoja.

Joto ni kisa kingine, na kwangu mimi ndiko kasoro inakouma zaidi. Programu mashuhuri ya fani hii, EnergyPlus ya Wizara ya Nishati ya Marekani, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 ikiunganisha uzoefu wa programu mbili zilizotangulia. Hufanya mizania ya joto kwa vipindi vifupi, kwa kawaida vya dakika 10 au 15, mwaka mzima: joto linalopenya kuta, linaloingia na jua, linalobebwa na hewa, linalorushwa kama mionzi kati ya uso na uso. Ni kazi ya kusifiwa. Ila katika matumizi yake ya kawaida hewa yote ya chumba huchukuliwa kuwa imechanganyika sawasawa na kuwa na nyuzijoto moja. Kichwa cha mpishi aliyeinamia sufuria na pembe ya mbali nyuma ya mlango viko katika hali moja, kwa mujibu wa programu.

Turudi kwenye jiko letu. Ujazo wake ni mita za ujazo 32.4, na hewa iliyomo ina uzito wa kilo 39 hivi. Kuipandisha hewa hiyo nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji kilojouli 39 tu. Mtu aliyekaa kimya hutoa takriban wati 100, kwa hiyo kama kuta zisingemeza chochote, angeipandisha nyuzi 1 kwa chini ya dakika 7. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15, kwa upande mwingine, ina uzito wa zaidi ya tani 4 na inahitaji megajouli 3.7 hivi kwa nyuzi hiyo moja, karibu mara 95 ya hewa. Ndiyo maana hewa huruka na kushuka kwa dakika huku zege ikisonga kwa masaa, na ndiyo maana ukuta uliopigwa na jua alasiri humsumbua aliyelala usiku wakati kipimajoto cha hewa kinasema mambo ni shwari. Mwili hupokea mionzi ya nyuso zinazouzunguka kwa uzito karibu sawa na hewa yenyewe. Ukiwa na hewa ya nyuzi 27 chini ya dari iliyopashwa na paa, kinachokuchosha ni dari.

Mvuke ndio hesabu inayosahauliwa mara nyingi zaidi. Sufuria iliyoachwa wazi hadi nusu lita ya maji ikauke imerusha gramu 500 za mvuke ndani ya mita za ujazo 32.4, yaani gramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Hewa yenye nyuzi 25 hubeba gramu 23 tu kwa mita ya ujazo kabla ya kushiba. Ikiwa ilikuwa tayari nusu ya kushiba na dirisha limefungwa, mvuke hauna pa kwenda isipokuwa kugeuka maji juu ya kioo na kona baridi za ukuta, mahali ambapo kuvu huanzia. Nusu lita hiyo haitoki kwenye jengo. Inatoka kwenye uamuzi wa mtu wa kufunika au kutofunika sufuria, na ripoti ya uigaji iliyoandika tu kwamba joto la kupikia ni wati fulani kwa saa fulani haina mfuniko ndani yake.

Na huyo mtu mwenyewe huwakilishwaje? Mwaka 1970 Ole Fanger wa Denmark alichapisha kielelezo kinachokusanya mambo 6: nyuzijoto ya hewa, mionzi ya nyuso, mwendo wa hewa, unyevu, nguo na kasi ya mwili kuzalisha joto, kisha kutoa alama kati ya −3 na +3 inayokisia kundi kubwa la watu lingesema linasikia baridi au joto kiasi gani. Msingi wake ulikuwa majaribio ya wanafunzi waliokaa kwenye chumba maalumu kwa saa kadhaa katika hali isiyobadilika. Fanger hakudai zaidi ya hapo, na hata katika hali bora kabisa kielelezo chake hukiri kwamba asilimia 5 hawataridhika. Waliodai zaidi ni sisi, tulioichukua alama ya mtu aliyetulia kwenye kiti na kuibandika kwenye nyumba, mahali ambapo mtu yuleyule huzalisha wati 75 hivi akilala, 100 akikaa, hadi 200 akipika na zaidi ya hapo akipiga deki, akibadilisha kazi kabla mwili wake haujatulia katika ile ya kwanza. Nyumbani mtu huvua shati, husogea dirishani, huwasha feni. Utafiti wa Richard de Dear na Gail Brager, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba katika majengo yanayopitisha hewa kwa madirisha watu huridhika katika nyuzijoto zinazopanda na kushuka pamoja na hali ya hewa ya nje, na sababu mojawapo ni kwamba madirisha hayo yamo mikononi mwao.

Wapo waliojaribu kuiingiza mikono hiyo kwenye hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 David Hunt, nchini Uingereza, alichunguza jinsi watu wanavyowasha taa akagundua kwamba wengi hugusa swichi wanapoingia na wanapoondoka, na katikati ya hapo huiacha ilivyo hata mwanga wa nje ukibadilika. Ugunduzi huo ulikuwa wa maofisini na madarasani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough wakatumia shajara za wananchi wa Uingereza, zilizojazwa kwa vipindi vya dakika 10, kuunda kielelezo cha bahati nasibu kinachokisia kila baada ya dakika 10 ni wangapi wako nyumbani na wameamka, na baadaye wakakiunganisha na matumizi ya taa na vyombo vya umeme. Vielelezo vya namna hii hufanya vizuri sana pale vinapokusudiwa: kukisia mzigo wa umeme wa nyumba elfu moja kwa pamoja. Havikutengenezwa kusema lolote la hakika juu ya nyumba moja, na anayevitumia kumhakikishia mwenye nyumba kwamba chumba chake kitakuwa cha starehe anatumia wastani wa umati kumpimia mtu mmoja nguo.

Mahali ambapo mkono huonekana wazi kuliko pote ni kwenye pazia. Programu ya mwanga inasema dirisha la magharibi linatosheleza chumba hadi saa 12 jioni, hivyo taa hazihitajiki. Programu ya joto inasema pazia zito litapunguza jua la alasiri na kushusha nyuzijoto. Kila moja iko sahihi peke yake. Saa 9 alasiri mtu anavuta pazia kwa sababu ya joto, chumba kinaingia giza, anawasha taa ili aendelee kusoma, na nishati yote ya umeme wa taa hiyo huishia kuwa joto ndani ya chumba. Tangu zama za balbu ya wati 60 kuipisha ya wati 8 au 9 yenye nuru ileile, joto hilo la taa limekuwa dogo, lakini ile ahadi ya mwanga wa bure wa mchana imetoweka nzima, na haikutoweka kwenye ripoti yoyote kwa sababu ripoti zilikuwa mbili, zilizoandaliwa na watu wawili.

Ninachokidai hakihitaji kompyuta kubwa zaidi. Uigaji wa nyumba uanze na orodha ya kazi, na kila kazi ipewe mahali, saa, upande anaotazama mtendaji na vitu anavyoviwasha. Nukta za kipimo ziwekwe juu ya ubao wa kukatia, juu ya meza ya pasi, kwenye mto wa kulalia, usoni mwa anayejitazama kwenye kioo. Mwili uwekwe ndani ya chumba, hata kama ni sanduku la kijivu lenye kimo cha mtu. Kwa programu inayofuata mionzi hiyo ni nyongeza ya dakika chache. Pazia liwe moja kwa hesabu zote mbili. Na matokeo yatolewe kwa saa ambazo kazi itaweza kufanyika au haitaweza. Wastani wa eneo unaweza kubaki kwenye kiambatisho kwa wanaoupenda.

Wapo watakaosema kwamba kazi za nyumbani ni nyingi mno na hazitabiriki. Kweli hazitabiriki kwa dakika, lakini mahali pake hutabirika mno: sinki halihami, soketi ya pasi haihami, na kitanda hakina kona nyingi za kuwekwa. Mwenye mchoro mkononi anaweza kuzikisia kazi 7 au 8 za chumba na asikosee zaidi ya moja.

Jaribu hilo kwenye jiko tuliloanza nalo. Anayefuata wastani, akitaka luksi 300 juu ya meza, ataambiwa aongeze taa ya dari karibu mara 8 kwa mwanga wa moja kwa moja, na mpishi ataendelea kuuziba kwa kichwa chake. Anayefuata ubao wa kukatia atabandika taa ya lumeni 400 chini ya kabati la ukutani, nusu mita juu ya meza, na hesabu ileile ya mraba wa umbali itampa luksi 500 hivi chini yake, kwa wati 4 au 5, kivuli cha mpishi kikianguka nyuma yake, sakafuni.